Namba Pungufu na Haki ya Mrithi

Mzazi wa Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma, amwonapo mwanawe akijifunza namba tasa, huenda akauliza: "Somo hili lamfaa nini mtu alimaye karanga na kufuga mbuzi?" Swali hili ni la haki, nasi twapenda kulijibu.

Namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa nafsi yake: 5, 7, 11, 23. Wataalamu wa kale walizipima namba kwa kujumlisha vigawo vyake, pasipo kuihesabu namba yenyewe. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Waarabu waliiita tamm, yaani timilifu. Vigawo vya 12 jumla yake ni 16. Hiyo ni zaid, iliyozidi. Vya 10 ni 8 tu. Hiyo ni naqis, pungufu. Basi kila namba tasa ni pungufu, kwani kigawo chake kilichobaki ni 1 peke yake.

Thabit bin Qurra, mzaliwa wa Harran aliyefariki Baghdad mwaka 901, alitoa kanuni ya kupata namba mbili zipendanazo. Kwa namba tasa 5, 11 na 71 hupatikana 220 na 284. Vigawo vya 220 jumla yake ni 284, na vya 284 ni 220. Moja imezidi kwa 64, na nyingine imepungua kwa 64 hizo hizo.

Sasa tutazame mirathi. Mafungu yaliyotajwa katika Sura An-Nisaa ni sita: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Katika 24 yote hutoka mazima: 12, 6, 3, 16, 8 na 4. Namba hiyo ni miongoni mwa zilizozidi, maana vigawo vyake hufika 36.

Tuseme mtu amefariki, madeni na wasia vimekwisha tolewa, akabakisha mbuzi 24, mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke atapata thumni, mbuzi 3. Mama sudusi, mbuzi 4. Mtoto 17 waliosalia. Lakini mbuzi wakiwa 23, thumni yao ni mbuzi 2 na sehemu 7 za 8. Hapo ndipo mjane hudhulumiwa, akaambiwa, "Chukua wawili, yatosha." La! Mbuzi na wathaminiwe kwa shilingi, na thamani yao igawanywe mafungu 24, kila mtu apewe lake.

Enyi vijana, shikeni hesabu. Nanyi wazazi, msiwazuie. Asiyejua kugawanya hula haki ya yatima hali hajui, na yatima naye hajui kuidai.