NYIGU MDOGO ALINDAYE KABICHI ZA TAITA

Kila mkulima wa kabichi na sukumawiki katika milima ya Taita amjua adui huyu: kiwavi mdogo wa rangi ya majani, mfupi kuliko ukucha wa kidole gumba, ambaye akiguswa hujipinda kwa haraka na kujiangusha akining'inia kwa uzi mwembamba. Huyatoboa majani yakawa kama chujio, na kabichi ya namna hiyo haipati mnunuzi Voi wala Mombasa.

Mzazi wa kiwavi huyu ni nondo mdogo wa kijivu, arukaye jioni. Wataalamu wengi hudhani kwamba asili yake ni nchi za Bahari ya Kati, naye ameenea duniani kwa kuifuata kabichi kila ipandwapo. Mgeni kama huyu ana bahati moja: aingiapo nchi mpya, huwaacha nyuma maadui waliokuwa wakimpunguza kwao. Milimani Taita walikuwako buibui, sisimizi na nyigu wenyeji waliomshambulia, lakini nguvu zao hazikutosha. Huko Werugha nyigu wenyeji waliwapata viwavi wapatao 14 tu katika kila 100.

Kwa sababu hiyo wakulima walitegemea dawa za kunyunyiza. Lakini dawa hizo zina kasoro mbili. Kwanza, nondo huyu huzizoea upesi. Kisiwani Java ilijulikana tangu mwaka 1953 kwamba DDT haimwui tena. Viwavi wachache wanaopona ndio wazaao, na watoto wao hurithi ugumu huo. Pili, dawa haichagui, bali huua adui na rafiki pamoja.

Mwaka 2001 kituo cha ICIPE cha Nairobi, kinachochunguza mambo ya wadudu, kilileta kutoka Taiwan nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum, ambaye asili yake ni Ulaya. Mwezi wa Julai 2002 aliachiliwa Werugha. Nyigu huyu hali majani. Jike humtafuta kiwavi, humchoma, na kutia yai ndani ya mwili wake. Yai likianguliwa, funza wa nyigu humla kiwavi kutoka ndani, polepole. Kiwavi akisha kufuma kifukofuko ili ageuke nondo, ndipo maisha yake hukoma. Na atokaye humo ni nyigu.

Katika muda wa miaka 3 mambo yalibadilika. Viwavi waliokuwa zaidi ya 5 kwa mche mmoja, kwa wastani, walipungua hata wakawa chini ya 1. Waliopatwa na nyigu walifika 52 katika kila 100.

Yafaa mkulima akumbuke mambo matatu. La kwanza, nyigu hamalizi viwavi wote, maana wakiisha naye atakufa njaa. Asiyevumilia matundu machache, akanyunyiza dawa kali kila wiki, humwua mlinzi wake mwenyewe, na viwavi hurudi kwa wingi. La pili, nyigu mzima hula utamu wa maua. Basi yaachwe maua kando ya shamba. La tatu, yeye hupenda baridi ya milimani. Joto la nyanda za chini, kama Voi, halimfai. Kwa sehemu za joto wataalamu wamemtumia nyigu mwingine, aliyeletwa kutoka Afrika Kusini.

Kumtambua si kazi. Geuza jani utazame chini yake. Kifukofuko chepesi kama wavu, ambacho mdudu aonekana ndani yake, ni cha nondo. Ukiona ndani ya wavu huo kifuko kingine kilichofungika, mfano wa pipa dogo, hicho ni cha nyigu, usikiponde.

Wazee walisema, dawa ya moto ni moto. Basi kabla ya kujitwika bomba la dawa, kagua majani kwanza, upate kujua kama mlinzi wako yuko kazini.