Wageni wa Majira ya Kusi Huko Msambweni

Miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambayo kwa watu wa Ulaya na Marekani ni kiangazi na likizo ndefu ya vyuo, huku Msambweni ni majira ya kusi. Upepo huvuma kwa nguvu, bahari huchafuka nje ya miamba, na wavuvi wenye vyombo vidogo hawathubutu kwenda mbali. Ndipo vijana wa ng'ambo huvuka kivuko cha Likoni na kushika njia ya kusini, wakae na wenyeji majuma machache na kujifunza maisha yao.

Desturi hiyo si ngeni katika Afrika. Mchungaji James H. Robinson, Mmarekani mweusi wa Harlem, mjini New York, alianzisha chama cha Operation Crossroads Africa, na mwaka 1958 vijana wake wa kwanza, weupe kwa weusi, walifika nchi za Afrika ya Magharibi. Hawakuja kutazama wanyama, bali kufanya kazi za mikono pamoja na vijana wenyeji. Mwaka 1962 Rais Kennedy aliwaambia wanachama wake kwamba wao ndio waliowatangulia Peace Corps, walioundwa mwaka 1961. Siri ya mpango huo Waswahili waliijua zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Katika kijiji cha Gazi, kaskazini ya Msambweni, jembe lenyewe ni mche wa mkoko. Watu wa Gazi na Makongeni walianza mwaka 2013 mpango wa Mikoko Pamoja, wa kulinda hekta 117 za msitu wa bahari. Miti hiyo huhifadhi hewa ya mkaa ndani ya mti na matope, na watu wa mbali hulipia hifadhi hiyo. Fedha zake zimeleta maji na vitabu vya shule. Mwanachuo aingiapo matopeni huko huja na majina ya Kilatini na kamba ya kupimia. Mwenyeji hutambua mkoko, mchu, mkandaa na mkomafi kwa kuitazama tu, tena ajua kwamba mlilana ndio uliochongwa mataruma ya vyombo. Hapo kila mmoja ana cha kumpa mwenziwe.

Si wote wajao hivyo. Wako wasiojifunza hata kuwaamkia wazee, wakapiga picha za watoto wa watu, wakapaka rangi ukuta ambao fundi wa kijijini angeupaka vizuri zaidi na kupata ujira wake.

Tena haifai kuita jambo hili kubadilishana ikiwa safari ni ya upande mmoja. Nauli ya ndege humshinda mkulima wa minazi. Mpango wa Marekani uitwao YES, ulioanzishwa mwaka 2002, uliwafungulia njia vijana wa Kenya pia: kukaa mwaka mmoja wa masomo nyumbani kwa Wamarekani na kusoma katika shule zao. Lakini nafasi zilikuwa chache, na waombaji wengi.

Agosti ikiisha, wageni huvuka tena Likoni. Miche waliyoichomeka hubaki matopeni Gazi, na ni wenyeji wanaorudi maji yakipwa kuhesabu ile iliyoshika.