Kanuni Moja, Ofisi Nyingi: Namna Kompyuta za Ofisi za Umma Zinavyolinda Taarifa Zako

Huenda umewahi kufika Ofisi ya Kata na flashi yenye barua ya kuchapwa, ukajibiwa kwamba kompyuta haiipokei. Wengi hudhani huo ni urasimu wa mhudumu. Aghalabu katazo hilo hakuliweka yeye, wala hana uwezo wa kuliondoa.

Kompyuta za ofisi zilizo mbalimbali huweza kuunganishwa katika himaya moja ya mtandao iitwayo domeni. Seva ya domeni hutunza orodha ya watumishi na kanuni za matumizi: urefu wa nywila, muda wa skrini kujifunga, vifaa vinavyoruhusiwa na ratiba ya kusasisha programu. Mtaalamu wa TEHAMA huandika kanuni mara moja, nazo kompyuta zote huifuata. Katika mfumo wa Windows, kila kompyuta huiuliza seva kuhusu kanuni mpya baada ya dakika 90 hivi, zikiongezwa hadi dakika 30 ili zote zisiulize kwa mkupuo. Mtandao ukikatika, kanuni zilizokwishapokelewa huendelea kutumika.

Kanuni hufuata ngazi: za kompyuta yenyewe, za kituo ilipo, za domeni, kisha za kitengo. Zikipingana, kwa kawaida iliyosomwa mwisho ndiyo hushika. Kwa hiyo kompyuta za zahanati zaweza kuwekewa masharti makali kuliko za masjala. Taasisi ikiwa na domeni kadhaa, kanuni ya domeni moja haihamii nyingine yenyewe. Hapana budi kuiweka katika kila moja. Iliyosahauliwa hubaki mlango wazi.

Madhara yake si ya kufikirika. Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya kasoro ya Windows. Mei mwaka huohuo, programu hasidi ya WannaCry ilizishambulia kompyuta ambazo hazikuwa zimerekebishwa. Nchini Uingereza, angalau taasisi 81 kati ya 236 zinazoendesha hospitali za umma ziliathirika, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikaahirishwa.

Nchini mwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi kulinda taarifa zinazokuhusu. Nawe unayo nafasi yako: muulize mhudumu njia nyingine ya kuwasilisha waraka, usimshinikize kukiuka kanuni, na ukiona nywila imebandikwa ukutani, mjulishe Mtendaji wa Kata.