UMEKULA NINI KABLA YA KUSHIKA JEMBE?



Februari ya mwaka mmoja tulikuwa upande wa Ndhiwa, tumeitwa saga na kikundi jirani. Shamba lilikuwa kama ekari moja na watu tulikuwa wengi, kwa hivyo kazi ilienda mbio. Saa nne hivi, jua likiwa limeshapanda, mama mmoja aliacha jembe, akashika kichwa, akaketi chini pale pale. Jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Tulimpeleka kwenye kivuli cha mwembe, tukamlegezea leso, tukampepea na kumpa maji kidogo kidogo, na chai yenye sukari kutoka nyumba ya karibu. Alipopata nguvu tukamwuliza, "Mama, asubuhi umekula nini?" Akasema, "Strungi kikombe kimoja tu. Kiporo kilikuwa kidogo, nikawapa watoto wa shule."

Hadithi hii mnaijua. Kila kikundi kina mama wa namna hiyo, anayeamka saa kumi, anachota maji, anapikia wengine, halafu yeye anatoka na tumbo tupu kwenda kulima juani. Ndiyo maana tumeona tuandike habari hii.

Hebu tuangalie kwanza mwili unafanya nini. Unapopiga jembe, kama robo tatu ya nguvu inayotoka kwenye chakula hugeuka kuwa joto. Ndiyo sababu hata asubuhi ya baridi, ukilima dakika kumi, unavua sweta. Damu hubeba joto hilo hadi kwenye ngozi, jasho linatoka, na jasho linapokauka ngozini ndipo mwili unapoa. Jasho linalodondoka chini halikusaidii kitu. Huko ufuoni, Mbita au Karungu, hewa ikiwa na unyevu mwingi na upepo umelala, jasho linakawia kukauka na mtu anachoka upesi.

Sasa damu hiyo hiyo inaitwa na misuli ifanye kazi, inaitwa na ngozi ipoze mwili, na ukiwa umeshiba sana inaitwa pia na tumbo. Haitoshi kote. Mtu aliyekula ugali mkubwa na nyama ya mafuta halafu akaingia shambani mara moja atasikia tumbo zito na kichefuchefu. Lakini asiyekula kabisa ana shida kubwa zaidi. Usiku kucha ubongo umekuwa ukila sukari iliyowekwa akiba kwenye ini, na kufika asubuhi akiba hiyo imepungua sana. Tena kwenye joto, misuli huchoma sukari yake haraka kuliko wakati wa baridi. Basi ukitoka na strungi peke yake, jua la saa nne litakukuta huna kitu.

Wakimbiaji wetu wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Mwaka 2004 watafiti, mmoja wao akiwa Mike Boit aliyepata medali ya shaba Munich mwaka 1972, walichunguza chakula cha wakimbiaji 10 wa hali ya juu hapa Kenya kwa siku saba. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga na sukari: ugali, wali, mboga, chai ya maziwa. Ni chakula cha kawaida ambacho mwanakikundi anakijua. Na joto halijali bingwa. Kwenye mbio za marathoni za wanawake huko Doha, Septemba 2019, walianza kukimbia karibu saa sita za usiku kuepuka jua, na bado kati ya 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Mkenya ndiye aliyeshinda.

Kwa hivyo ule nini? Uji. Wa wimbi, wa mtama, wa mahindi, uliochacha au usiochacha. Una wanga, una maji, na hauchelewi tumboni. Kunywa kikombe kikubwa saa moja hivi kabla ya kazi. Kama hakuna uji, viazi vitamu viwili vya jana, au muhogo, au ndizi mbivu pamoja na chai vitakufikisha. Nyoyo ni chakula kizuri sana lakini maharagwe yanakaa tumboni. Ile kama saa tatu kabla ya kazi, au baada ya kutoka. Omena na mafuta yake iache ya mchana na jioni.

Hapa ndipo ubishi hutokea. Katika kikundi chetu wazee walisema pesa ya kikundi si ya kula. Tulipiga hesabu mbele yao. Kilo moja ya unga hutoa karibu lita 8 za uji, yaani vikombe 16 vya nusu lita. Mtu mmoja akirudi nyumbani saa nne kwa sababu ya kizunguzungu, na wawili wakimsindikiza, kikundi kimepoteza zaidi ya bei ya kilo hiyo. Sasa kila mwanachama analeta unga gorogoro moja kwa zamu.

Maji yaanze kabla ya kiu. Mtu wa kilo 60 anywe vikombe viwili hivi asubuhi, masaa kadhaa kabla ya kazi. Shambani, kikombe kimoja kila dakika 15 au 20. Usizidishe lita moja na nusu kwa saa, kwani maji mengi mno bila chumvi nayo huleta ugonjwa. Chumvi kidogo kwenye uji inatosha watu wengi. Mwenye presha asiongeze, aulize zahanati. Maji ya ziwa yachemshwe. Mkojo ukiwa wa rangi ya strungi, umechelewa kunywa. Na chang'aa ya "kutoa baridi" asubuhi inakufanya ukojoe maji unayohitaji.

Wakata miwa wa Awendo tuwaambie neno la ziada. Huko Nikaragua na El Salvador madaktari wamekuta vijana wengi wanaokata miwa wakiwa na ugonjwa wa figo, bila kisukari wala presha, na kazi nzito juani pamoja na kukosa maji vinatajwa kuwa miongoni mwa sababu kubwa. Kutafuna muwa kunakupa sukari na maji kiasi, hiyo ni sawa, lakini beba mtungi wako. Ile tabia ya kumeza dawa ya maumivu kila asubuhi ili mgongo usiume iacheni. Mwili ukiwa umekauka, dawa kama ibuprofen na diclofenac zinaumiza figo.

Wenye seli mundu ni wengi katika sehemu zetu za ziwa. Kwao kukosa maji huleta maumivu makali ya mifupa, kwa hivyo wapewe kazi ya kivulini na wasingoje kiu. Mtu yeyote akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akizimia huku mwili unawaka, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na tafuteni pikipiki ya hospitali wakati huo huo. Asiye na fahamu asipewe kitu cha kunywa.

Mwenye homa asije shambani kabisa. Tuligundua kwamba wengine walikuja wakiwa wagonjwa kwa kuogopa faini ya kukosa saga, kwa hivyo tulibadilisha sheria: mgonjwa akituma habari kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, halipi.