Msumeno wa Mnyororo: Anza na Meno, Injini Baadaye

Je, wajua kwamba meno ya chenso yaliigwa kutoka kwa buu? Mwaka 1946, katika misitu ya jimbo la Oregon nchini Marekani, mkata magogo aitwaye Joseph Cox alimtazama buu wa mbawakawa akijitobolea njia ndani ya mti. Misumeno ya mnyororo ya wakati ule ilikuwa ikikwaruza mti na kuchakaa upesi. Buu yule alitafuna upande wa kulia, akatafuna upande wa kushoto, akasonga mbele. Cox akatengeneza mnyororo wenye meno yanayopokezana vivyo hivyo, moja la kulia, linalofuata la kushoto, na mwaka uliofuata akaanza kuuuza mjini Portland. Minyororo mingi inayouzwa leo, iwe Mafinga au Eldoret, inafuata umbo hilo.

Nimetanguliza meno kwa sababu wanunuzi wengi hutanguliza injini. Mtu anaingia dukani, anauliza ukubwa wa mashine na bei, anawashiwa, anasikia mlio, analipa. Mnyororo anautazama mwishoni, au hautazami kabisa. Ilhali kinachokata mti ni jino. Injini kazi yake ni kulikimbiza.

Chukua mnyororo mkononi ulitazame jino moja kwa karibu. Lina makali mawili yanayokutana kwenye kona: ya ubavuni hukata nyuzi za mti, ya juu huchonga na kuinua kile kilichokatwa. Mbele ya makali kuna kinundu kifupi ambacho wengi hawakijali. Kinundu hicho ndicho kinachoamua jino lizame kiasi gani, na kwa kawaida kinapaswa kuwa chini ya makali kwa takriban milimita 0.65 tu. Mtu akinoa makali mara nyingi bila kugusa kinundu, jino hushuka mpaka vikalingana, na mnyororo mkali kabisa unateleza juu ya gogo bila kuuma. Akikipunguza kupita kiasi, jino linauma kwa pupa, mashine inatetemeka na kuruka mikononi.

Dalili iko chini ya gogo. Mnyororo mkali hutoa vipande vinavyoonekana kwa macho; ulio butu hutoa vumbi. Ukiona vumbi, ukaona na wewe unakandamiza mashine ili ikate, zima uchukue tupa. Tupa ya mviringo huchaguliwa kwa kipimo cha mnyororo: wa inchi 0.325 hunolewa kwa tupa ya milimita 4.8, na wa 3/8 wa kawaida hutumia ya milimita 5.2 au 5.5 kulingana na aina yake. Miti nayo ina tabia zake. Mvule, kwa mfano, huwa na mabonge ya chokaa ndani yake, magumu kama jiwe, na jino likiligonga bonge moja linaharibika papo hapo. Mti ulioburutwa kwenye mchanga hautofautiani sana na huo.

Historia ya mashine yenyewe ni fupi kusimulia. Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wa Uskoti, John Aitken na James Jeffray, walitumia kijimnyororo chenye meno, cha kuvutwa kwa mikono, kukatia mifupa. Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme mjini Stuttgart, mzito wa zaidi ya kilo 60, uliohitaji watu wawili kuubeba. Mwaka 1950 kampuni yake ikatoa wa petroli wa kuendeshwa na mtu mmoja, wa kilo 16. Leo mashine ya kuni ina kilo 4 au 5.

Wepesi huo umetokana na injini ya tu-stroki. Haina hifadhi ya oili ndani. Oili huchanganywa na petroli, na mchanganyiko huo ndio unaolainisha pistoni na silinda. Kwa oili maalumu ya mtengenezaji, kipimo cha kawaida ni 1 kwa 50, yaani mililita 100 ndani ya lita 5 za petroli. Kwa oili ya tu-stroki ya kawaida, watengenezaji kadhaa huelekeza 1 kwa 25. Soma kitabu cha mashine yako. Usipime kwa jicho, wala usimimine oili ya injini ya gari.

Nyanda za juu za Mufindi, kwenye msitu wa Sao Hill na viwanda vya chai vinavyokausha majani kwa kuni za mikaratusi, chenso zinalia mwaka mzima. Huko kuna jambo ambalo muuzaji wa Dar es Salaam anaweza asikuambie. Hewa ya milimani ni nyepesi kuliko ya pwani. Mashine iliyorekebishwa pwani ikifika huko inapata petroli nyingi kuliko hewa: inatoa moshi, inakosa nguvu, plagi inajaa masizi. Hilo ni usumbufu. Hatari ni kinyume chake. Mashine iliyorekebishwa Mufindi ikiteremshwa kukata mikorosho iliyozeeka kule Mkuranga inapata hewa nyingi na petroli kidogo, na kwa kuwa oili inasafiri ndani ya petroli, ulainishaji nao unapungua. Mlio unakuwa mwembamba na mkali, mtu anadhani mashine imechangamka, kumbe pistoni inakwaruzika ndani. Ukihama ukanda, mpe fundi arekebishe kabureta, isipokuwa kama mashine yako ni ya kisasa inayojirekebisha yenyewe.

Sasa ununue ipi? Kwa kuni za nyumbani na kupogoa, injini ya cc 30 hadi 45 yenye baa (bamba linaloubeba mnyororo) ya inchi 14 hadi 16 inatosha. Kwa kuangusha misindano na mikaratusi siku nzima, tafuta cc 60 hadi 75. Kupasua mbao kwenye gogo nene la mti mgumu ni kazi ya mashine ya cc 90 na zaidi, tena yenye mnyororo wa kupasulia, ulionolewa kwa pembe ndogo kuliko wa kukatia. Mashine ndogo ikilazimishwa kupasua inakufa mapema, na lawama inamwendea mtengenezaji bure. Kubwa mno nayo ni mzigo. Mikono iliyochoka ndiyo inayoachia mashine.

Baada ya ukubwa, uliza spea. Kwangu hiki ndicho kipimo cha uimara kuliko jina lililoandikwa ubavuni. Taja vitu vinne: chujio la hewa, kamba ya kuwashia, gia ya mnyororo na pampu ya oili. Kama vyote vinapatikana mji ulio karibu nawe, na yupo fundi anayezijua mashine hizo, endelea. Kama havipatikani, achana nayo hata ikiwa bei nusu. Majina makubwa yana bandia nyingi. Nunua kwa wakala anayetambuliwa, atakayekuandikia risiti yenye namba ya mashine.

Pale pale dukani fanya majaribio mawili. Iwashwe, ikae silensa: mnyororo usizunguke. Kisha iongezwe moto na kinga ya mbele isukumwe: mnyororo usimame mara moja. Hiyo ndiyo breki, na inahitajika siku ncha ya juu ya baa itakapogusa tawi na mashine kupiga teke kuelekea usoni. Breki isiyoshika, usikubali kuambiwa itazoea.

Ukishaipeleka kazini, usijaze oili chafu ya gari kwenye tangi la oili ya mnyororo ili kubana matumizi. Ina chembe za chuma zinazokwangua baa na kuziba pampu, na haifai kugusa ngozi. Ukimaliza kazi, legeza mnyororo. Ukipoa husinyaa na kuivuta shafti.

Kabla hujalipa, pita ofisi ya misitu ya wilaya uulize masharti ya kumiliki mashine na kibali cha kuvuna. Kisha gawa fedha zako hivi: kwanza kofia ngumu yenye kinga ya uso na masikio, suruali ya kinga na buti, pili mnyororo wa akiba na tupa zake. Zitakazobaki ndizo za mashine. Kama hazitoshi, subiri msimu mwingine, ila usipunguze kofia.