Mbio za Vuli Gitega na Muyinga

Ndugu wafanyakazi, vuli imeshaingia. Huku kwetu milimani, toka Gitega kupitia Karuzi hadi Muyinga, wengi huvitundika viatu vya mbio mpaka kiangazi cha Juni. Sisi twasema: msivitundike.

Mbio ndefu za mvuani zina taratibu zake. Mvua kubwa hupenda kunyesha mchana, basi tuondoke alfajiri. Udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni: kupanda ni kwa hatua fupi, kuteremka tufuate nyasi za pembeni. Mto Ruvubu ukijaza mabonde, tuzunguke hata kama ni mbali. Na radi ikinguruma, mbio zimekwisha! Tushuke kutoka kileleni, tusijikinge chini ya mti, tuingie nyumba ya jirani. Radi huua watu Burundi. Hilo si la mzaha.

Tena tukimbie kwa mwendo wa aliye nyuma. Mwaka 1996 huko Atlanta, Vénuste Niyongabo alimwachia Dieudonné Kwizera nafasi yake ya mita 1,500, kwani Kwizera alizikosa Olimpiki za 1988 na 1992, nchi yetu ikiwa haina kamati ya Olimpiki. Niyongabo akaingia mita 5,000, mbio alizokuwa amezikimbia mara chache tu, akaleta dhahabu: medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Burundi.

Kwa wenye mashamba na viwanda tuna dai moja: mahali pa kuanikia nguo. Msimu huu wengi hufika kazini wamelowa, wakimbiaji na wasiokimbia, kisha hubeba magunia hivyo hivyo hadi jioni. Panatosha bati, nguzo nne na kamba.