Kasi Ndogo ya Kuandika Data katika Seva ya Nyumbani: Uhifadhi wa Rekodi za Kinyambo Wilayani Karagwe na Kyerwa

Kinyambo ni lugha ya Kibantu inayozungumzwa Karagwe na Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Sarufi yake iliyoandikwa na Josephat Rugemalira ilichapishwa mwaka 2005. Hata hivyo, sehemu kubwa ya masimulizi, methali na majigambo yake ingali vinywani mwa wazee. Mtafiti anayerekodi fasihi hiyo hunakili rekodi za siku kila jioni kutoka kadi ya kumbukumbu kwenda katika seva ndogo ya faili, yaani kompyuta yenye diski inayofikiwa na kompyuta nyingine kupitia mtandao wa nyumbani. Kazi hiyo isipokamilika usiku, kadi haiwezi kufutwa kwa ajili ya wasimulizi wa kesho.

Ukubwa wa tatizo hukadiriwa kwa hesabu. Saa moja ya sauti yenye sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24 na njia mbili huchukua takribani gigabaiti 1.04. Video ya megabiti 50 kwa sekunde huchukua gigabaiti 22.5 kwa saa. Hivyo, saa nne za sauti na video hufikia takribani gigabaiti 94. Kwa kasi ya megabaiti 110 kwa sekunde, unakili huchukua dakika 14. Kwa megabaiti 11, huchukua zaidi ya saa mbili.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha mtandao na diski. Faili kubwa kuliko kumbukumbu ya seva huandikwa moja kwa moja ndani ya seva yenyewe. Faili ikiwa ndogo, kipimo huonesha kasi ya kumbukumbu, si ya diski. Endapo uandishi huo ni wa haraka, kasoro imo katika mtandao. Kasi inayoganda karibu na megabaiti 11 huashiria muunganisho wa megabiti 100, ambao husababishwa na swichi ya zamani au kebo ambayo mojawapo ya jozi zake nne za nyaya imekatika.

Endapo uandishi wa ndani nao ni wa polepole, diski huchunguzwa. Diski ya nje iliyounganishwa kwa USB 2.0 kwa kawaida haizidi megabaiti 40 kwa sekunde. Aidha, zipo diski ambazo mistari yake ya sumaku hupandiana kama vigae vya paa. Hizo huanza kwa kasi, kisha hupungua ghafla sehemu yake ya akiba inapojaa. Katika mpangilio wa RAID 5, badiliko dogo moja hudai kusoma mara mbili na kuandika mara mbili. Vilevile, ripoti ya afya ya diski ikionesha ongezeko la sehemu zilizoharibika, data hunakiliwa kwingine kabla ya jaribio lolote la kuongeza kasi.

Ipo njia ya mkato inayopaswa kuepukwa. Seva inaweza kuagizwa kutangaza kwamba faili imehifadhiwa ilhali ingali katika kumbukumbu ya muda. Kasi hupanda, lakini umeme ukikatika, kilichokuwa humo hupotea. Mkoa wa Kagera, ambao kwa miaka mingi ulipokea umeme kutoka Uganda badala ya gridi ya Taifa, hauna kinga dhidi ya ukatikaji wa ghafla. Kwa hiyo, agizo hilo halifai hata pale seva inapokuwa na betri ya dharura, kwa kuwa betri haizuii hitilafu za programu.

Hivyo basi, kipimo cha mwisho si kasi pekee. Kadi hufutwa baada tu ya nakala ya seva kulinganishwa na faili asilia na kuonekana kuwa sawa. Unakili wa saa mbili huchosha, lakini masimulizi ya mzee aliyefariki hayarekodiwi tena.